Aliyeifungua Barua

Jumanne asubuhi, saa mbili na robo, kompyuta zote thelathini na nane za manispaa ziliwaka na maandishi yale yale: faili zenu zimefungwa, anayezitaka alipe. Lyuben Tanchev alikuwa chini, kwenye chumba chake kisicho na dirisha, akichovya mkate kwenye kahawa. Ililia simu ya mezani, ikalia ya mkononi, zikalia zote mbili pamoja, mwishowe wenye kupiga wakaona wateremke ngazi wenyewe.

"Bwana Lyuben, yangu imeandika Kiingereza!"

"Na yangu!"

"Mimi sijagusa kitu, naapa. Nimeiwasha tu."

"Hakuna aliyegusa kitu," alisema Lyuben bila kuinua macho. "Miaka thelathini na tatu niko hapa, sijamwona hata mmoja aliyegusa kitu."

Walicheka kidogo, kwa woga. Ndivyo walivyozoeana. Mtu akija kumwuliza jambo kwa sauti ya chini, kama anayemweleza daktari ugonjwa wa aibu, Lyuben alimjibu kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa korido. Zamani, zilipoletwa kompyuta mbili za kwanza, walimletea maua na chupa za rakia, pombe kali ya matunda, naye akiwaelekeza kwa upole, kidole kwa kidole. Upole ulimwisha kidogo kidogo. Hakumbuki hata ni mwaka gani.

Ilipofika saa sita alikuwa amejifungia ndani akifuatilia kumbukumbu za mitambo, mashine moja baada ya nyingine, kama mtu anayefuata matone ya damu sakafuni. Matone yalipita ghorofa ya pili, yakapita idara ya ardhi, yakateremka ngazi, yakaishia kwenye meza yake mwenyewe. Jumatatu, saa tatu na dakika ishirini. Barua pepe iliyojidai kuwa ankara ya wino wa printa.

Wino ule alikuwa ameungoja wiki tatu huku watu wakimpigia kelele kila siku. Barua ikaja, akaibonyeza. Aliibonyeza kama mtu yeyote anavyobonyeza, wakati mkono mwingine unatafuta miwani. Na kwa kuwa ni yeye aliyeshika neno la siri la kufungulia kila mlango, virusi havikuhitaji kubisha hodi popote.

Alibaki na tumaini moja, nakala za akiba. Akaiunganisha ile diski. Nakala ya mwisho ilikuwa ya tarehe kumi na moja Mei. Diski ilikuwa imejaa, na kila asubuhi tangu siku hiyo kidirisha chekundu kilitokea pembeni ya kioo kumwambia hivyo, naye kila asubuhi alikifunga kama anayefukuza nzi, akisema moyoni kwamba atalishughulikia Ijumaa.

Lyuben alikaa akiitazama tarehe ile. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Imebaki miezi kumi na minne astaafu.

Saa nane mchana katibu wa manispaa, Bi Pavlina Gencheva, aliwaita wakuu wa idara ofisini kwake. Lyuben alisimama karibu na mlango. Hakuna aliyempa kiti.

"Nina swali moja tu," alisema Bi Pavlina. "Virusi vimeingiaje?"

"Kwa barua pepe. Mtu kafungua barua ambayo hamjui aliyeituma."

"Mtu gani?"

"Kwa kawaida," alianza Lyuben, "kwa kawaida huwa vinaanzia madirisha ya huduma. Wale wanapokea barua za kila aina, na wengine si..."

Hakuimaliza sentensi yake. Mkuu wa idara ya ardhi alikuwa tayari anatabasamu.

"Zdravka," alisema.

"Zdravka yupi? Yule aliyechapisha barua pepe, akaigonga muhuri, akaipeleka kwa mguu?" aliuliza mwenzake.

"Huyo huyo!"

Wakacheka, siku ile mbaya hivyo, wakacheka. Kisa kile alikisambaza Lyuben mwenyewe. Kila sherehe ya kufunga mwaka alikisimulia, akimwigiza Zdravka anavyoshika kipanya kwa mikono miwili, na Zdravka mwenyewe, mwanamke mnene wa miaka hamsini na tisa, mjane, huwa anacheka pamoja nao huku ameziba mdomo kwa kiganja.

"Kwa hiyo ni yeye?" aliuliza Bi Pavlina.

Lyuben alijua kwamba hapo ndipo pa kusema. Hakuja kugundua baadaye. Alijua pale pale, amesimama, akiona vumbi juu ya kabati.

"Inaelekea," alisema.

"Inaelekea, au ni yeye? Mkoa wanataka ripoti kesho, kwa maandishi."

"Nitaandika."

Akaandika. Dirisha namba tatu, la Zdravka, Jumatatu, saa tatu na dakika ishirini. Jina la mashine alilibadilisha. Saa aliiacha ilivyo, kwa mazoea ya kazi, maana maisha yake yote hajawahi kuandika saa ya uongo.

Kilichopotea zaidi ni maombi ya msaada wa kuni na makaa ya majira ya baridi. Watu zaidi ya mia sita, wengi wao wazee, walikuwa wameyaleta tangu Julai. Karatasi zao zikapigwa picha kwa mashine, zikarudishwa kwa wenyewe. Sasa redio ya mji ikatangaza kwamba kila mmoja arudi nazo upya. Wakarudi. Foleni ilianzia dirisha namba tatu, ikapita ukumbi mzima, ikatoka hadi kwenye ngazi za nje. Wengine walikuja na vigoda vya kukalia.

"Mimi ni yule yule wa Agosti, mama," alisema mzee mwenye fimbo, akimsukumia Zdravka karatasi zake. "Sijabadilika, nimezeeka tu."

"Samahani, baba. Naandika sasa hivi."

"Andika kwa mkono, mama, andika kwa mkono! Mkono haupati virusi."

Nyuma yake watu waliguna kwa kicheko. "Ndiye huyo," mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, mnong'ono wa kusikika. "Ndiye aliyebonyeza. Wanamweka dirishani mtu asiyejua hata kufungua redio, na sisi tufe kwa baridi."

Shingo ya Zdravka ilikuwa nyekundu hadi masikioni. Aliandika, akauliza tarehe ya kuzaliwa, akaandika. Lyuben alipita nyuma ya foleni na waya begani, akakaza mwendo kama mtu anayeitwa mahali.

Jumamosi hiyo, kama kila Septemba, jengo zima lilinuka pilipili hoho za kuchoma. Rositsa, mkewe Lyuben na mama wa mtoto wao Iskra, alikuwa jikoni na beseni mbele yake, akizimenya kwa kisu kidogo na kuzipanga kwenye chupa za kuwekea chakula cha majira ya baridi. Lyuben alikuwa anamkazia vifuniko. Mlango ukagongwa. Alikuwa Zdravka, anayeishi ghorofa mbili chini yao, amevaa gauni lake la kanisani, sahani ya banitsa ya moto, mkate wa jibini, mkono mmoja na daftari la shule mkono wa pili.

"Mama Iskra, siwasumbui? Namwomba bwana wako dakika kumi tu."

"Karibu, ingia, kaa. Usijali, mikono yangu michafu."

Zdravka aliketi kwenye ukingo wa kiti, akafungua daftari, akatoa kalamu.

"Bwana Lyuben, naomba unionyeshe nilipokosea. Polepole, kama mtoto. Nataka niandike, nisije nikarudia. Wananipeleka chumba cha nyaraka kuanzia tarehe moja, nusu siku, nusu mshahara. Imebaki miaka miwili tu nipate pensheni, na itakokotolewa kwa mshahara huo huo. Lakini si kitu, nimeshukuru hawakunifukuza. Nilikuwa nawaza tu, labda na kule chini ipo kompyuta."

"Hakuna haja ya kuandika," alisema Lyuben.

"Mimi nisipoandika inapotea."

Basi akamfundisha. Alimwambia kwamba ukiona barua usiyemjua mtumaji wake, iache. Kwamba ukiambiwa ni ankara, uliza kwanza ankara ya nini. Zdravka aliandika akitamka kila silabi, u-si-bo-nye-ze, kwa mwandiko mzuri wa mviringo waliofundishwa shuleni watu wa rika lake. Alipomaliza ukurasa, alisita.

"Kitu kimoja sikielewi, na usinicheke. Ripoti inasema Jumatatu, saa tatu na dakika ishirini. Jumatatu mimi nilikuwa kwa daktari wa meno. Nilirudi saa sita kasoro. Hata cheti ninacho." Akakitoa katikati ya daftari, akakinyoosha mezani. "Sijamwonyesha mtu. Nilisema, Bwana Lyuben hakosei saa. Nikawaza, labda niliiacha wazi Ijumaa nikaondoka, halafu ikajifungua yenyewe. Barua inaweza kujifungua yenyewe?"

Kisu cha Rositsa kilisimama.

"Inaweza," alisema Lyuben.

"Aa." Zdravka alishusha pumzi, uso ukamlegea kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nafikiri nimeanza kuchanganyikiwa, kama marehemu mama." Akainama akaandika: inaweza kujifungua yenyewe. Akapigia mstari.

Alipoondoka, Rositsa alinawa mikono muda mrefu, akaifuta, akakaa palepale Zdravka alipokaa.

"Baba Iskra. Barua inajifungua yenyewe?"

"Hapana."

"Nani aliifungua?"

Lyuben alikitazama kifuniko alichokishika. "Mimi."

Alidhani atapiga kelele. Hakupiga. Aliuliza jambo moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei: lini ulijua, nani mwingine anajua, yeye alikwambia nini ulipomsingizia.

"Sikumsingizia. Walimtaja wao."

"Na wewe ukaandika."

"Rositsa, imebaki miezi kumi na minne. Wakijua kwamba nakala hazikuwekwa tangu Mei, nimekwisha. Nani ataniajiri na umri huu? Yeye angalau wamemwachia kazi. Mtu akisikia ni Zdravka, anacheka, anasahau. Akisikia ni mimi..."

"Akisikia ni wewe, hacheki. Ndicho unachoogopa, Lyuben. Si pensheni." Kila alipomwita kwa jina lake badala ya Baba Iskra, alikuwa amekasirika. "Mwanamke kaja nyumbani kwangu na gauni la kanisani. Kakuomba umwonyeshe alipokosea, na kosa ni lako. Na wewe umemkalisha hapo ukamwandikisha uongo kwenye daftari!"

"Ningemwambiaje mbele yako?"

"Ungefungua mdomo. Wewe umedanganya kule ofisini, unarudi hapa unavua viatu. Mimi nakutana naye kwenye ngazi mara nne kwa siku. Jana kanishikia mlango wa chini na mifuko yake mikononi. Kesho nimwambie nini? Habari za asubuhi?"

Banitsa ilipoa mezani, hakuna aliyeikata.

Jumapili alishinda kwenye balkoni akijifanya anasafisha lile jiko la kuchomea pilipili. Aliwawaza watu wa ofisini, mmoja mmoja. Alijua maneno yao ya siri yote: majina ya waume waliokufa, tarehe za kuzaliwa wajukuu. La Zdravka lilikuwa jina la mbwa wake, na hata hilo aliwahi kulitangaza kwenye chumba cha chakula, watu wakavunjika mbavu. Walimpa vitu hivyo kwa sababu walilazimika, kama mtu anavyolazimika kuvua shati mbele ya daktari, na yeye alitoka navyo nje kuvichekesha. Miaka yote hiyo aliamini kuna watu wanaojua na watu wanaobonyeza ovyo, na kwamba yeye alizaliwa upande wa kwanza. Alipofika hapo alisugua lile jiko kwa nguvu hata brashi ikamkwaruza vidole.

Jumatatu, mara tu ofisi ilipofunguliwa, alipanda kwa Bi Pavlina. Alimweleza yote akiwa wima, kwa maneno machache. Bi Pavlina aliinuka, akaenda kuufunga mlango.

"Umemwambia nani?"

"Mke wangu."

"Iishie hapo hapo." Alirudi kwenye kiti chake. "Ripoti nimeisaini mimi, Bwana Lyuben. Iko mkoani. Ukisema leo, wewe ni mzembe na mimi ni mwongo. Zdravka keshakubali, keshatia saini."

"Ametia saini kwa sababu ananiamini."

"Basi unataka nini? Nikupe medali?"

"Nataka iandikwe upya."

"Mimi nataka niwe na miaka ishirini na mitano." Akavuta faili. "Ghorofa ya pili printa haifanyi kazi. Nenda kaitazame."

Lyuben alitoka. Alishuka ngazi akikusudia kwenda kweli kuitazama ile printa, akashtuka amekwishaipita ghorofa ya pili, yuko ukumbini, mbele ya foleni. Zdravka alikuwa anaandika. Mwanamke mwenye koti la kahawia alikuwa ameegemeza viwiko dirishani.

"Mjukuu wangu ana miaka sita," alikuwa anamwambia, "na hata yeye asingebonyeza."

"Si yeye," alisema Lyuben.

Hakuna aliyesikia. Sauti yake, iliyozoea kufika mwisho wa korido, ilitoka kama ya mtu mwenye mafua. Akakohoa.

"Si yeye! Barua niliifungua mimi. Bi Zdravka hata kazini hakuwepo, alikuwa kwa daktari wa meno. Na faili zenu zimepotea kwa sababu sikuweka nakala. Tangu Mei. Ripoti niliiandika mimi, na ni ya uongo."

Mtu mmoja alisogeza kigoda.

"Na wewe ni nani?" aliuliza mzee mmoja.

"Fundi wa kompyuta."

"Fundi!" Mzee aligeukia wenzake. "Jamani, huyu ndiye fundi!"

Kicheko kilitoka mbele kikaenda hadi mlangoni, na walioko nje wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakacheka na wao. Lyuben alikisikia kinavyomwingia, joto toka kifuani hadi kwenye nywele. "Na mimi nimemsema mama wa watu bure," alisema yule mwenye koti la kahawia, akimkodolea macho Lyuben kana kwamba amemwibia. Kwa Zdravka hakugeuka.

Zdravka alivua miwani.

"Jumamosi," alisema polepole, "pale jikoni kwako. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nilipokuuliza kama inaweza kujifungua."

"Nilikuwa najua, Bi Zdravka. Nakuomba..."

Aliinua kiganja, si kwa hasira, ni kama mtu anayezuia mlango usijipige. Akavaa miwani yake. Akaichukua karatasi ya mwanamke mwenye koti la kahawia, akagonga muhuri, akamrudishia.

"Anayefuata," alisema.

Habari ilifika mkoani kabla ya chakula cha mchana, na hapo hata Bi Pavlina hakuweza kuizuia. Ilikuja tume ya watu watatu, wakakaa siku mbili. Lyuben alivuliwa cheo, mshahara ukakatwa, zile kompyuta ikapewa kampuni ya mjini kuzihudumia kwa simu. Hawakumfukuza, kwa sababu ilihitajika mtu wa kuingiza upya maombi mia sita kutoka kwenye karatasi za mkono, na hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Wakamwekea meza ndogo ukumbini, hatua nne kutoka dirisha namba tatu. Zdravka aliletewa barua ya mistari miwili kwamba uhamisho wake umefutwa. Neno samahani halikuwamo.

Rositsa alishuka kwake jioni ya siku ile ile, na chupa mbili za pilipili, akakaa saa mbili.

"Kasemaje?" aliuliza Lyuben mkewe aliporudi.

"Kaniambia mimi," alijibu Rositsa, akaenda kutandika kitanda.

Ngazini Zdravka alimsalimia Lyuben kama anavyomsalimia tarishi. Ofisini hivyo hivyo. Hakumsema kwa mtu, na watu walipojaribu kumwigiza Lyuben mbele yake, jinsi sauti ilivyomkauka siku ile, hakucheka. Aliendelea na kazi yake mpaka wakachoka wenyewe.

Asubuhi moja ya Novemba, barafu ya kwanza ikiwa kwenye vioo, kompyuta ya Zdravka ilianza kuandika herufi za Kilatini badala ya za Kibulgaria. Lyuben aliiona toka mezani kwake. Ni vitufe viwili tu, unavibonyeza kwa pamoja mara moja, basi. Zdravka alifuta, akaandika tena, zikatoka zile zile. Alizima akawasha. Foleni ilianza kuguna. Akafungua droo, akatoa kadi ya ile kampuni ya mjini, akapiga namba, akaweka simu sikioni. Muziki wa kusubirishwa ulisikika hadi kwa Lyuben.

Zikapita dakika kumi. Zikapita ishirini. Bibi mmoja kwenye foleni aliomba kiti. Lyuben aliwaza kuinuka, akawaza kuandika kwenye kikaratasi, akawaza kukaa kimya. Dakika ya thelathini alishindwa kuvumilia, akainamia upande wake, akasema kwa sauti ya chini kabisa, sauti ambayo wengine walikuwa wanamwendea nayo:

"Bi Zdravka, kama ungebonyeza..."

Zdravka alimgeukia na simu ikiwa sikioni, akaifunika kwa kiganja. Usoni mwake hamkuwa na chuki yoyote.

"Samahani kidogo," alisema. "Nazungumza na fundi."

Kisha akatazama mbele, muziki ukaendelea. Lyuben alichukua karatasi iliyokuwa juu ya rundo na kuanza kuandika jina la mtu.